Mama, Nani Alikuita Katikati ya Barabara?

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba salamu haina likizo, kwa hiyo ipokee.

Nianze na kazi, maana uliondoka ukiwa na wasiwasi kwamba mwanao wa mwisho anashinda ndani na kompyuta bila shughuli ya maana. Shughuli ninayo. Natazama video za barabara za miji ya mbali, zilizopigwa na magari yanayofundishwa kujiendesha bila dereva. Kila anayetembea kwa miguu namzungushia kisanduku, kisha naandika anachotaka kufanya: atavuka, atasubiri, atarudi. Gari linajifunza kutokana na majibu yetu. Najua ungecheka, ungesema, "Yaani unalipwa kutazama wapita njia? Kwani hapa Bonga hawapo?"

Wapo, mama. Na mgumu kuliko wote ulikuwa wewe.

Nakukumbuka tukitoka kanisani. Umefika nusu ya barabara ya Dodoma, mara unageuka na kurudi ulikotoka, bajaji zinakukwepa, mimi nimeshavuka nakusubiri roho mkononi. Hukutaka kumsalimia mtu kwa mbali. Ulisema salamu ya kupiga kelele ni ya mnadani. Ilikuwa lazima urudi, umpe mtu mkono, uulize watoto, uulize ng'ombe, uulize shamba, halafu uanze kuvuka upya. Nilikuwa nakugombeza kana kwamba mimi ndiye niliyekuzaa.

"Sasa nani amekuita?"

"Kwani wewe hujasikia?"

Sikuwahi kusikia. Lakini haukupita muda, mtu alitokea kwenye kona, tena mtu unayemfahamu, ndiyo kwanza anafungua mdomo. Sisi tulisema una masikio makali, tukaishia hapo.

Siku ile ya lori hakutokea mtu. Dereva wa lori alisema, na utingo wake naye akasema hivyohivyo, kwamba ulikuwa umeshapita nusu, karibu kabisa na nyumbani, ukageuka ghafla. "Aligeuka kama mtu aliyeitwa." Maneno hayo Kaka Damiano aliyadaka. Nyuma yako alikuwapo mtu mmoja tu, Mama Paskali, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, akipepeta mbaazi kwenye turubai lake kando ya lami. Kaka alimuuliza palepale msibani, mbele za watu, kwa nini alikuita na lori analiona linakuja. Mama Paskali akajibu, "Sikumwita." Alichukua sufuria yake akaenda zake.

Tangu siku hiyo hata chumvi hatuombani. Yule mliyeazimana naye majembe tangu mkiwa wasichana alikuwa akipita getini kwetu anatazama chini. Kaka aliona hiyo ndiyo dalili ya hatia. Mimi sikujua nimwamini nani, na iliniuma kukosa wa kumuuliza, maana wa kumuuliza ulikuwa wewe.

Kisha kazi yenyewe ikaanza kunitisha. Unakuta mtu wa mji nisioujua, amevaa koti zito, mvua inanyesha, anavuka vizuri tu. Mara mkono wake unapanda kichwani. Wewe ulikuwa hivyo, mama, lazima mkono uguse kitambaa cha kichwani kabla hujageuka. Basi naandika: atarudi. Naachia video iendelee, na kweli anarudi. Nyuma yake hakuna mtu. Msimamizi wetu aliniandikia, "Umejuaje huyu?" Nikamjibu ni mazoea. Ningemwambia nini kingine?

Kuna ukurasa wa majaribio ambapo tunaweza kuweka video zetu wenyewe, tuone mashine imeelewa nini. Huwa inachora mstari wa njano ardhini, mbele ya miguu ya mtu, kuonyesha inadhani ataelekea wapi. Nikakumbuka video ya Pasaka niliyokupiga kwa simu nikiwa getini, unarudi kutoka kanisani na kitenge chako cha zambarau. Nikaiweka.

Unavuka kuja kwangu, unacheka. Mstari wa njano unakutangulia mpaka getini. Halafu, ukiwa bado unatembea, uso wako bado uko kwangu, mikono yote miwili iko chini, mstari ukajikunja ukarudi nyuma yako. Kisha mkono wako ukapanda kichwani. Ukageuka. Ukaanza kurudi. Na hapo ndipo Mama Paskali alipochomoza kwenye kona ya uzio wake, akaita, "Mama Damiano, ningoje!"

Niliirudia mpaka macho yakauma. Uligeuka kabla hajatokea.

Nikamwita Kaka. Alitazama akiwa amesimama, akatazama tena akiwa amekaa, kisha akasema, "Zima." Alisimama tena. "Nenda kwa Mama Paskali," akasema. "Tangulia wewe. Mimi nitakuja, ila sijui nitaanzia wapi."

Nilimkuta kwenye turubai lake. Nikamwambia, "Mama, tunajua hukumwita. Tumekukosea sana." Alilia, nami nikalia, akaniletea chai nikanywa yote. Kisha akaniinamia na kusema taratibu, "Sikumwita, mwanangu. Lakini nilisikia akiitwa. Hata mimi niligeuka kutazama ni nani. Hapakuwa na mtu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngeniita mchawi."

Ni kweli, tungemwita.

Siku hizi nawaza kwamba ipo siku, katika mji ambao sitaufikia, gari lisilo na mtu ndani litapunguza mwendo mbele ya mama anayevuka vizuri tu, naye atashangaa linamngojea nini, mpaka ageuke. Hilo linanifariji na kuniogopesha kwa pamoja. Sisi hapa bado tuna madereva, na dereva hauoni huo mstari.

Nilipoaga, jua lilikuwa bado kali. Lori moja lilionekana kwa mbali upande wa Dodoma, nikaona linaniachia nafasi ya kutosha. Nilipofika katikati ya lami nikasikia naitwa. Ilikuwa nyuma yangu, karibu kabisa, kwa jina langu la utotoni ambalo hakuniita mtu mwingine ila wewe. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kichwani.

Sikugeuka, mama. Niliushusha mkono nikatembea, machozi yananitoka, mpaka ukingo wa kwetu. Lori likapita likipeperusha gauni langu. Ndipo nikageuka. Mama Paskali alikuwa amesimama kwenye turubai, ungo umemwanguka, mbaazi zimetapakaa miguuni, kiganja kiko mdomoni. Alitikisa kichwa kuniambia si yeye.

Kama ulikuwa wewe, usininunie. Sikukupita bila salamu. Nilivuka kwanza, ndiyo maana barua hii imeanza na shikamoo. Pumzika, mama. Nami nakuomba jambo moja tu: siku nyingine ukitaka kuniita, ngoja nifike nyumbani.

Kitinda mimba wako.