Shikamoo Katikati ya Mtihani

Herieth na Tito,

Ndizi nimeshamenya, ziko kwenye maji. Pikeni kiburu na yale maharage. Ng'ombe hajapewa majani.

Nimechoka, wanangu. Kazi zote za muhula nilishatuma, umebaki mtihani wa mwisho. Hii shule ya mtandaoni inataka nikae mbele ya kamera, nisiinuke, nisiongee. Asubuhi bibi yenu kaingia na maziwa. Ningefanyaje? Nikasimama, nikampa shikamoo. Akajibu, "Marahaba, Mungu akufaulishe," na mtihani ukafungwa palepale.

Wameniruhusu kurudia saa nane. Nimekwenda kwa mama yenu mdogo, kule Pasua.

~~Mwambieni Bibi awe anapiga hodi.~~ Bibi akija, mpeni chai. Mwambieni aniombee tena, ila akiwa kwake.

Mama