Garniture ya Doruko mu Katoni ya Simara

Lundi, tarehe 4 mars

Mvua. Nimefungua duka langu la pièces, vyuma vya kamyo, saa mbili. Wa kwanza: boloni nne za gurudumu. Wa pili: shofere wa kamyo ya Doruko, anauliza kama boloni za Simara zitaingia kwake. Zitaingia, papa, nikasema. Doruko na Simara ni tumbo moja. Kampuni mbili zilipatana: moja inatengeneza, ingine inabandika jina lake mbele na kuuza. Alinitazama sawa vile miye ni mwizi. Akaenda mikono mitupu. Wajinga hawataisha mu Bukavu hii.

Mardi, tarehe 5

Déo, bwana yangu, anaendesha Simara ya Papa Murhula. Muzee huyo iko na kamyo mbili, Simara na Doruko. Taa moja, usukani moja, hata kelele moja. Lakini shofere wa Simara hakai meza moja na wa Doruko. Wanaume wazima, eti! Leo Déo alipangusa jina la mbele na kitambaa changu cha kanisa. Nikamuambia ailipie kamyo mahari basi, waoane. Akanuna mpaka jioni.

Jeudi, tarehe 7

Garniture za freni ya nyuma za Déo, zile bamba zinazobana gurudumu lisimame, zimeisha. Akikanyaga, chuma inalia ku chuma, Kadutu nzima inasikia. Siku ya posho, kesho kutwa, anapeleka bidhaa Bunyakiri, na kule ni mishuko tu. Niko na garniture mpya za Doruko hapa dukani. Matundu ni yale yale, nilijua kwa kuangalia. Déo amekataa.

"Maman Aline, takataka ya Doruko haiingie mu Simara yangu."

Na Papa Murhula nyuma yake: "Ndiyo vile. Original tu."

Za Simara ziko bado Bujumbura. Watangoja? Hapana. Wataenda na chuma tupu. Nawadharau wote wawili, na mumoja nalala naye.

Vendredi, tarehe 8

Nimefanya. Nilikuwa na katoni za zamani za Simara, naweka mule boloni. Nikaondoa boloni, nikatia garniture za Doruko, nikafunga na gundi. Zimefika leo asubuhi, nikasema. Déo alinusa katoni. Haki ya Mungu, alinusa! Fundi akazifunga ku kamyo. Hakuna aliyetazama kitu chenyewe, wote walisoma karatasi. Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Siku ya posho, tarehe 9

Ameondoka asubuhi. Amenipigia akiwa Kavumu, anasifu freni za original. Mujinga wangu.

Yenga, tarehe 10

Kamyo imeanguka. Mushuko mbele ya Bunyakiri, freni zilikataa. Chini kulikuwa watu wa soko. Déo aliipeleka ku ukingo wa mulima, kwa nguvu, ili isiwafikie. Hakuna aliyekufa. Mguu wake wa kuume umevunjika pahali mbili. Wamemuleta hapa hospitali.

Mardi, tarehe 12

Fundi amefungua gurudumu, akaniletea garniture. Nimezipima peke yangu na zile za zamani za Simara. Matundu sawa, urefu sawa. Upana si sawa. Ya Doruko ni nyembamba kwa ukucha mzima. Kumbe wenye Doruko walibadilisha ekseli ya nyuma, sababu wanaiuza kwa mizigo myepesi. Kamyo moja, isipokuwa pale tu.

Miaka kumi na moja nauza pièces. Kipimo kiko mu droo. Sikupima. Nilikuwa nacheka. Mpumbavu wa kwanza wa Bukavu ni miye.

Mercredi, tarehe 13

Papa Murhula amekuja hospitali. Hakukaa. Aliuliza kilichotokea.

"Garniture zilikuwa original, muzee," Déo akasema. "Ni miye. Nilikanyaga freni muda murefu, zikashika moto. Kosa ni yangu."

Papa Murhula akachukua ufunguo wa kamyo ku meza. Akamuambia asirudi tena kazini. Miye nilikoroga uji mu bakuli.

Mlango ulipofungwa Déo alinigusa mkono. "Usilie, mama. Weye ulinipa original ya kweli."

Nikachota kijiko. Akafungua kinywa. Amekunywa yote.