Karata za Kazungu

Tsofa, nimetoka matangani kwa Kazungu sasa hivi. Nimeaibika, ndugu yangu. Nimeaibika!

Wakumbuka mwaka wa tisini na sita, tulivyokuwa tukiijaribu ile njia ya kuhesabu karata, tukaikomeshe kasino kwa mchezo wa ishirini na moja? Mbili hadi sita waongeza moja. Kumi, picha na ree, ile A, watoa moja. Pakiti ikiisha, hesabu irudi sufuri.

Kazungu kila akihesabu, yamalizikia nne. Kila mara nne! Nikamwambia, "Wewe hujui kuhesabu, toka." Nawe ulicheka, usikatae. Akatoka, na hatukusemezana tena.

Leo bintiye, Winnie, kanipa pakiti ile ile mbele ya watu. "Ami Owais, baba alisema ukija nikupe, uhesabu mwenyewe."

Haina kumi, Tsofa. Hata moja kati ya zile nne! Zilikuwa karata zetu za barazani. Nane, tisa na kumi tulizitoa wenyewe, kama tuchezavyo siku zote, na mjuzi mimi sikuona.

Nimezihesabu pale pale mkekani.

Nne.