Jina Nililitaja

Nchiru, Meru

Kwa mama yangu mpendwa,

Natumaini baridi ya huko Runyenjes haijakurudishia kile kikohozi, na kwamba bado unaweza kwenda kuchuma majani chai. Mimi ni mzima. Najua umesikia kwamba nilishikwa na polisi kwa kuficha jina langu. Mama, sikuficha.

Jumanne asubuhi nilikuwa napika chapati kwenye kibanda changu karibu na hosteli za wanafunzi. Wakaja askari wawili wa kaunti na polisi mmoja. Wakasema nimemwaga maji machafu barabarani, na sheria za kaunti zinakataza. Ni kweli nilimwaga, nikakubali. Polisi akaniuliza jina. Nikamwambia Purity Wawira Njeru, nikamwonyesha na kitambulisho, akaandika kwenye daftari. Kisha akataka nimwachie kitambulisho aende nacho.

Hapo nikakataa. Mama Kinya, jirani yangu anayeuza viatu, polisi walichukua chake mwaka jana na mpaka leo anazungushwa. Nikamwambia, "Jina nimekupa, na kitambulisho nimekuonyesha. Kwenda nacho, hapana."

Akasema basi nimekataa kujitambulisha. Nikapelekwa kituoni unga ukiwa bado mikononi. Kule ndani nililia, sikufichi.

Kesho yake kortini nikasomewa makosa mawili. La maji nikakubali, la jina nikakana. Hakimu, mama wa makamo, akamwambia polisi asome daftari lake. Akasoma kwa sauti ya chini. Jina langu lote lilikuwa pale, hata la baba.

"Sasa alikataa kujitambulisha kwa nani?" hakimu akauliza.

Polisi akafunga daftari. Shtaka hilo likatupwa. Kwa yale maji nikaambiwa nifagie soko siku mbili. Nilifagia mchana, watu wote wakiniona, na sikuinamisha uso. Mama Kinya alikuja na ufagio wake kunisaidia. Tulipomaliza tukaenda kituoni kudai kitambulisho chake. Hawakumpa. Ijumaa ijayo tunarudi, na safari hii tutakuwa wanawake sita.

Kaka Mugendi ameniambia unataka nirudi nyumbani. Sirudi, Mama. Nisamehe kwa hilo.

Nisalimie nyanya, na shangazi Ciambuba, mwambie sweta yake ndiyo ninayovaa. Na wale wa kanisani wakikuuliza, usiseme ni uongo. Waambie nilishikwa, halafu waambie ni kwa nini.

Binti yako,
Wawira