Mpaka Mtoto Acheze

Jumanne, mvua imeanza

Asante Mungu, ni mvua ya kweli! Asubuhi ngurumo ilipopiga, wamama wa hapa Gashonga walinijia na vikapu vya maharagi. Hawapandi mpaka mtoto acheze tumboni mwangu, maana yeye huitikia ngurumo ya mvua tu. Ndiyo kazi niliyorithi kwa mama.

"Unangoya nini, Maman? Hausikie mvua?" Maman Furaha alinifokea.

Nikakasirika. Yeye ndiye aliyepanda majuzi aliposikia mngurumo, bila kuniuliza, kumbe yalikuwa mabomu ya vita kule Bukavu. Mbegu zake zote zikaungua na jua.

Kiangazi chote mtoto alinyamaza. Mimba za ukoo wetu hulala hivyo mpaka mvua irudi, lakini safari hii niliogopa vita vimemuua.

Mchana akapiga teke. Nikalia, nikawaambia wapande.

Inanguruma tena. Nimeweka mkono tumboni...

Amecheza. Ni mvua.