Kofia Isiyofuliwa

Jumapili, 3 Agosti 1986

Tumechapwa! Sisi, wanawake wa besiboli wa Farsta, hapa Sweden, ambao hatukuwa tumeshindwa tangu Mei. Na mkosaji ni mimi, ati. Ilikuwa zamu yangu ya kufua jezi kwenye tvättstuga, chumba cha kufulia cha jengo letu. Ndani ya begi nikakuta kofia ya nahodha wetu Gunilla, imekakamaa kwa jasho. Nikaifua. Nikaipiga na pasi! Nimelelewa bwenini, matron akikagua kola kila asubuhi — ningeiachaje? Kumbe haikutakiwa kuguswa na maji mpaka msimu uishe. Bahati yote imo kwenye uchafu. Gunilla alilia. Mwalimu mzima wa hesabu!

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi. Hakuna anayenipa gongo la kupigia mpira mkononi, wananiwekea chini. Mstari wa chaki wanauruka wote, ati kuukanyaga ni mkosi, hata Cissy. Nikamwuliza, wewe Mganda uliyeokoka, unayekemea wachawi kanisani? Akasema huu si uchawi, ni besiboli. Soksi zake za bahati zinanuka. Nilimwambia.

Mume wangu Okech kacheka mpaka akakohoa. Anasema timu ya mpira ya kwao iliwahi kuruka ukuta wa uwanja, ikikwepa lango lililotiwa dawa. Nikauliza, wakashinda? Wakachapwa, na golikipa akavunjika mguu pale ukutani.

Jumapili, 10 Agosti

Tumechapwa tena. Kwenye treni Cissy alikaa behewa jingine.

Jumanne, 12 Agosti

Gunilla kapiga simu. Tukishindwa Jumapili tunashuka daraja. Anataka niiombe radhi kofia mbele ya wote, na jezi yangu nisiifue. La sivyo nikae benchi, na msimu ujao nitafute timu nyingine.

Nikasema nej, hapana. Kofia! Niiombe kofia radhi!

Halafu nikalia jikoni, kwa hasira. Naupenda mchezo huu. Tangu nifike Sweden, ni pale uwanjani tu ninapokimbia kama nilivyokimbia kwenye raunda, mchezo wetu wa gongo na mpira shuleni, bila kujali nani ananitazama. Na nifukuzwe kwa sababu ya sabuni?

Nimefua jezi. Nimeipiga pasi mara mbili.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika chini ya turubai, karatasi inalowa. Nilikaa benchi kama nilivyoahidiwa, jezi imenyooka, safi kuliko zote. Tuko sare, zamu yetu ya mwisho ya kupiga. Cissy yuko kituo cha tatu, akifika nyumbani, kituo cha mwisho, tumeshinda. Aliyekuwa apige kateguka kifundo cha mguu. Nimebaki mimi tu.

Ndipo mvua ikamwagika! Cissy anakamua soksi, yanatoka maji ya matope. Kofia ya Gunilla, aliyoipaka udongo upya, inamchuruzikia usoni. Mstari wa chaki hauonekani tena. Mvua imefua timu nzima, wala haikungoja zamu ya tvättstuga! Haya, waiambie nayo iombe radhi.

Nimecheka kwa sauti. Wamenitazama tu.

Inapungua. Mwamuzi katoka, kainua mkono: mchezo unaendelea. Gunilla kachukua gongo, anakuja huku. Hakuliweka chini. Ananinyooshea —