Mkono wa Nyadoi Haukuwa na Kosa

Nakuru, Jumapili ya pili ya mwezi wa sita. Leo natimiza miezi minane tangu niondoke nyumbani Petta, na kumi tangu tukuzike.

Mama,

Mke wangu amejifungua msichana. Nilisema kwenye simu aitwe Nyadoi, jina lako. Shangazi akamnyang'anya simu: "Jina la mkono ule haliingii tena boma hili!" Akakata. Mgongo unaniuma kwa kubeba mapipa ya rangi hapa kwenye kiwanda cha nguo, lakini hilo liliniuma zaidi.

Bado yeye na watu wake wanashikilia kisa cha ule mkeka wa zambarau wa harusi uliomsukia binti yake. Waliutandika uani kila siku, ukapauka kabla ya mwaka, na ndoa nayo ikavunjika. Wakasema una mkono wa kupausha vitu. Tangu hapo nyumbani hakuna aliyenunua mikeka yako, ukawa unaipeleka Busia wasikokujua. Ulinyamaza. Nilikuona ukichochea sufuria ya rangi, vidole vya zambarau hadi kwenye kucha, nami nikanyamaza. Nisamehe hilo.

Hapa yuko Nekesa, dada wa Kisamia anayepima rangi. Nilimuuliza kwa nini zambarau hupauka. Akanicheka: "Mzee wa mapipa, uliishia darasa la ngapi?" La sita, nikamwambia, na bado nataka kujua. Akasema rangi ni molekuli, chembe ndogo zisizoonekana, na kila moja imeungwa kwa vipande. Kipande kimoja hunyonya sehemu ya mwanga; mwanga unaobaki ndio tunaouona kama zambarau. Akatia dawa ya kung'arisha kwenye glasi ya rangi. Ikawa kama maji. Imekwenda wapi? nikamuuliza. "Haijaenda popote. Kile kipande kimevunjika. Jua nalo hukivunja, polepole."

Jua, Mama! Jua la uani kwao wenyewe!

Nililia palepale kati ya mapipa, mtu mzima.

Sasa sinyamazi. Nimechovya ukindu katika rangi ileile. Nusu nimeianika juani, nusu iko sandukuni. Nitawawekea zote mbili mbele yao. Anayetaka kufumba macho, afumbe.

Pumzika, mama yangu. Ruhusa nimeshapewa. Nitashuka basi Tororo Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, asubuhi, na kabla ya jioni binti yangu ataitwa Nyadoi kando ya kaburi lako, kwa sauti ya kumfikia shangazi.